Binti yangu aliitwa mvivu miaka miwili, kumbe haoni ubao

#1 MamaPasua (Moshi)

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Pasua, nina watoto wawili. Bandiko hili nimeliahirisha tangu Januari kwa sababu linaniuma. Juzi mteja wangu amekaa dukani karibu saa nzima akinisihi nimvue binti yangu miwani "asije akalemaa macho". Nikaona bora niandike yote niliyopitia, labda yatamfaa mzazi mwingine.

Binti yangu mkubwa yuko darasa la sita. Hadi la tatu alikuwa hakosekani kwenye kumi bora. Alipoingia la nne akaanza kushuka, na ripoti ikaja imeandikwa "hana bidii, anaongea sana darasani". Mtoto ni mrefu kwa umri wake, na darasani kwao wanapangwa kwa kimo, kwa hiyo alikuwa dawati la nyuma kabisa. Huko kuongea kwenyewe, nimekuja kujua baadaye, ilikuwa ni kumuuliza mwenzake ubaoni kumeandikwa nini. Nilimchapa kwa ripoti ile. Nilimchapa na ya mwaka uliofuata pia. Nimemwomba msamaha na amenisamehe, lakini mimi mwenyewe bado halijanitoka.

Dalili zilikuwepo, macho yangu ndiyo hayakuziona. Akitazama televisheni anasogea mpaka anagusa meza. Akiitwa kutoka ng'ambo ya barabara anakunja uso na kufinya macho kama mtu anayetazama jua. Na kuna hili la mlima Kilimanjaro. Wa Moshi mnajua, asubuhi mtu akifungua mlango kitu cha kwanza anatazama juu kama mlima uko wazi. Mdogo wake anapiga kelele "leo wote unaonekana!", dada yake anaitikia "ndiyo, ndiyo". Alikuwa anaitikia tu. Alidhani na wengine wanaona weupe ule ule wa mawingu.

Kilichonidanganya ni sindano. Mimi nina miaka 44, bila miwani ya +1.50 siwezi kutunga uzi. Yeye anaishika sindano shubiri moja kutoka usoni, anapitisha uzi mara moja. Nikasema huyu ana macho kama ya mwewe. Sikujua kwamba kuona karibu na kuona mbali ni mambo mawili tofauti, na kwamba hicho ndicho chenyewe: anaona karibu vizuri sana, mbali haoni.

Siku tulipokwenda kliniki ya macho alisomeshwa chati kutoka mita 6. Jicho la kulia 6/36, la kushoto 6/36. Maana yake, herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 36, yeye lazima asogee hadi mita 6. Kisha wakampa kibao cheusi chenye vitundu vidogo vidogo, wakamwambia achungulie. Akaanza kuteremka mistari mmoja baada ya mwingine mpaka karibu na wa mwisho, bila lenzi yoyote. Nikashika mdomo. Wakanieleza kwamba kitundu kinapitisha mwanga mwembamba, ule unaosambaa unazuiwa, ndiyo maana picha inatulia, na ndiyo maana watoto wa aina hii hufinya macho: wanajitengenezea kitundu chao wenyewe. Nyumbani nilitoboa jalada la daftari kwa sindano namba 14 na ikafanya kazi vile vile.

Wakamtia matone ya kulegeza misuli ya jicho, maana mtoto huweza kukaza macho wakati wa kupimwa na kutoa namba ya uongo. Tulitoka pale mboni zimepanuka, nikamfunika na kanga hadi nyumbani, kusoma hakuweza hadi kesho yake. Miwani ikatoka: kulia −2.25, kushoto −2.50.

Siku tuliyoichukua mlima ulikuwa umefunikwa. Asubuhi iliyofuata nilikuwa napuliza jiko nikamsikia nje anasema, "Mama, theluji haiko kama shuka. Ina michirizi." Nikaacha jiko nikatoka nje.

Sasa hoja yangu. Mama mkwe, majirani, wateja, wote wanasema miwani inalemaza, macho yatazoea, namba itapanda. Na mimi hizo hofu zilinichelewesha, kwa sababu mwalimu mmoja aliwahi kugusia macho alipokuwa la nne, nikasema tusubiri. Nilichoelezwa kliniki ni kwamba jicho lake limerefuka kuelekea nyuma. Kama gauni limekatwa refu, kioo ukiweka mbele ya anayelivaa hakirefushi gauni wala hakilifupishi. Miwani inapeleka picha mahali pake, basi. Kama kuna mtaalamu humu anisahihishe au aongezee.

#2 Ticha_Ngarenaro (Arusha)

Mama, asante sana, na pole. Mimi ni mwalimu wa msingi, na nimeandika "hana bidii" kwenye ripoti za watoto ambao leo najiuliza walikuwa wanaona nini. Darasa langu lina watoto sabini na zaidi. Ubao ukipakwa rangi upya unang'aa, dirisha liko upande mmoja, na sisi tunapanga kwa kimo ili wafupi waone. Hatumuulizi mrefu kama anaona.

Sasa hivi nina utaratibu wangu wa wiki ya kwanza ya muhula. Nimechora herufi E kubwa kwa ndogo kwenye karatasi ngumu, nyingine zimegeukia juu, nyingine chini, kushoto, kulia. Napima mita 6 kwenye korido, mtoto anafunika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, ananionyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anaweza. Sipimi namba, hiyo siyo kazi yangu. Nachuja tu wa kwenda hospitali. Jicho moja moja ni muhimu, maana mtoto anaweza kuwa na jicho moja zuri linalomficha lingine miaka yote.

Dalili nyingine ambayo nimejifunza: mtoto ananakili vizuri sana ukimsomea, ukiandika ubaoni anakosea tarakimu. Anaandika 3 penye 8. Huyo siyo mzembe wa hesabu.

#3 Mama_Mapacha (Sakina, Arusha)

Jamani mimi nina mapacha wa miaka 9. Mmoja anafinya macho kutazama mbali na anayasugua kutwa, yanamwasha, asubuhi yana utando mweupe unaovutika kama uzi. Shangazi yao anasema nimpe juisi ya karoti kila siku na nimdondoshee maji ya shubiri. Nimeanza karoti wiki mbili sasa. Na miwani naogopa atachekwa, mjini hapa watoto wanawaita wenzao "macho manne". Mnanishauri nini?

#4 Opto_Moshi

Nimesomea optometria, yaani upimaji wa macho na miwani, hapa hapa hospitali ya KCMC na ndiyo kazi ninayofanya kila siku, kwa hiyo nivumilieni niandike kwa kirefu.

Dada wa Sakina nianze na wewe. Shubiri usimtie hata tone moja. Konea, ile sehemu ya mbele iliyo wazi kama kioo cha saa, inapata vidonda kwa dawa za majani na kovu lake halifutiki. Karoti mpe kama chakula, na mchicha, matembele, viazi lishe, maembe, maini, vyote vina vitamini A au malighafi yake. Upungufu wa vitamini A unaleta kutoona usiku na ukavu wa macho unaoweza kupofusha mtoto, hilo ni kweli na ni zito. Ila karoti haifupishi jicho lililorefuka. Na huyo mtoto wako maelezo yake yananitia wasiwasi wa kitu kingine: kuwashwa, kusugua, utando unaovutika, hiyo inafanana na mzio wa macho, ambao ni wa kawaida sana kwa watoto wa huku kwetu kwenye vumbi. Kusugua macho kwa miaka kunaweza kuidhoofisha konea ikachongoka mbele kama koni. Ugonjwa huo unaitwa keratokonasi, nao mwanzoni unajionyesha kama kutoona mbali kwa kawaida, namba ikibadilika kila miezi michache. Mpeleke wiki hii, na mwambie daktari habari ya kusugua kabla hajakuuliza.

Sasa mama wa Pasua. Ulichoelezwa ni sahihi. Mtoto huzaliwa na jicho lenye urefu wa milimita 16 hadi 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Linakua hadi kama 24 kwa mtu mzima. Katika ukuaji huo mwili unajaribu kulinganisha urefu wa jicho na nguvu ya konea na lenzi, ili picha itue sawasawa kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga. Kwa mwenye mayopia, ndilo jina la kitaalamu la kutoona mbali, jicho linapitiliza. Milimita 1 tu ya ziada ni karibu diopta 2.5 hadi 3 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndizo zile namba za miwani). Picha ya vitu vya mbali inajitengeneza kabla ya kufika retina, na inapofika imeshasambaa. Johannes Kepler alilieleza jambo hili mwaka 1604, siyo la jana.

Namba ya kutoa (−) kwenye cheti inasoma hivi: gawa 100 kwa namba hiyo bila alama, unapata umbali kwa sentimita ambao mtu anaona vizuri bila miwani. Binti yako −2.50, 100 gawanya kwa 2.5 ni 40. Chukua futi yako ya kupimia wateja, shika sifuri kwenye kope yake, pale kwenye 40 ndipo dunia yake safi inapoishia. Sindano iko ndani ya 40. Ubao uko mita saba.

Kuhusu kulemaa. Kuna utafiti wa Malaysia uliochapishwa 2002 uliofuatilia watoto 94 wa miaka 9 hadi 14 kwa miaka miwili. Nusu walipewa miwani kamili, nusu walipewa yenye nguvu pungufu, kwa imani ile ile ya mtaani kwamba jicho lisidekezwe. Waliopewa pungufu ndio ambao macho yao yalizidi kuharibika haraka. Namba inapanda kwa sababu mtoto anakua na jicho linakua naye. Ingepanda hata bila miwani, tofauti ni kwamba ingepanda mtoto akiwa haoni. Mama anaona miwani imevaliwa Machi na Machi inayofuata namba imeongezeka, anaunganisha mambo mawili ambayo hayakuzaana.

Yako mama ya +1.50 ni habari tofauti kabisa. Lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa kwa umri, karibu kila mtu anaikuta kuanzia miaka 40 hivi. Weka miwani yako na ya binti juu ya maandishi ya gazeti utaona: yako inayakuza, yake inayapunguza. Lenzi yake ni nyembamba katikati na nene ukingoni, inatawanya mwanga kidogo ili ukutane mbali zaidi, kwenye retina.

#5 MzeeKibosho

Wanangu nawasoma. Mimi nina miaka 71. Sisi tulipokuwa wadogo Kibosho hakukuwa na mtoto wa miwani. Tulitoka shule tunakwenda kukata majani ya ng'ombe, kuteka maji, jioni mpira hadi giza. Leo wajukuu wangu watatu wana miwani na wote wako shule za bweni. Nauliza kwa nia njema, ni chakula au ni nini?

Na mimi nina ushuhuda. Kwa miaka ishirini nilisoma Biblia kwa miwani. Tangu mwaka jana nasoma bila miwani kabisa, herufi naziona vizuri. Nimemshukuru Mungu. Ila mlima ndio nauona kama moshi, na usiku taa za magari zinanisumbua.

#6 MamaPasua

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kuungana nasi. Sisi tunaoandika humu tunasahau kuwauliza nyinyi.

Opto, nimefanya hilo la futi sasa hivi. Nimeshika sifuri kwenye kope yake nikasogeza kadi ya vifungo taratibu. Kwenye 38 bado anasoma. Kwenye 45 akasema "mama inaota ukungu". Nimekaa chini. Miaka miwili mtoto wangu aliishi ndani ya sentimita 40 na mimi namwambia aongeze bidii.

#7 Opto_Moshi

Shikamoo mzee. Nianze na ushuhuda wako, na naomba usinielewe vibaya. Mzee aliyekuwa anahitaji miwani ya kusomea akianza kusoma bila miwani, huku mbali pakififia na taa zikimtawanyikia, mara nyingi ni mtoto wa jicho anayekomaa katikati ya lenzi. Lenzi inakuwa nzito, nguvu yake inaongezeka, na mtu anageuka kuwa asiyeona mbali uzeeni. Kusoma kunarudi kwa muda, halafu na kwenyewe kunaondoka. Habari njema ni kwamba mtoto wa jicho anatolewa, inawekwa lenzi ya bandia, na watu wanaona. Nenda ukapimwe, na wakupime sukari pia. Sukari ikipanda inaweza kuvuruga namba ya macho ndani ya wiki chache, nimewahi kumpimia mtu miwani mpya akarudi haimfai, kumbe cha kutibu kwanza ni kisukari.

Swali lako la majani ya ng'ombe ndilo swali ambalo wanasayansi wamelihangaikia miaka mingi, na jibu liko upande wako. Urithi upo: mzazi mmoja akiwa na mayopia hatari inaongezeka, wawili zaidi. Lakini urithi haubadiliki ndani ya vizazi viwili, na Asia ya Mashariki ndani ya vizazi viwili mambo yamepinduka. Mjini Seoul, vijana wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya jeshi mwaka 2010, zaidi ya 95 kati ya 100 walikuwa hawaoni mbali. Babu zao hawakuwa hivyo. Kilichobadilika ni saa za kukaa ndani na daftari.

Huko Guangzhou, China, walichukua shule 12 za msingi. Sita wakaongeza dakika 40 za nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza, sita wakaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, kwenye shule za kawaida karibu 40 kati ya 100 walikuwa wamepata mayopia. Kwenye zile za nje, 30. Matokeo yalitoka 2015. Dakika 40 tu. Taiwan wakaenda mbali zaidi, wanahimiza shule ziwape watoto dakika 120 nje kila siku.

Inavyofanya kazi: nje hata kivulini chini ya mgomba kuna mwanga wa maelfu mengi ya lux (kipimo cha mwanga), juani makumi ya maelfu. Darasani penye taa nzuri ni mia tatu, mia tano. Mwanga mkali unaifanya retina itoe kemikali inayoitwa dopamini, na dopamini inaonekana ndiyo breki ya urefu wa jicho. Hauhitaji kutazama jua, hilo linaunguza retina, kamwe. Kuwa nje inatosha. Kwa mtoto ambaye bado hajaanza kuwa na tatizo, saa mbili nje kila siku ni kinga kubwa kuliko kitu chochote ninachoweza kumuuzia. Kwa ambaye tayari anavaa miwani, faida yake ni ndogo zaidi, miwani inabaki pale pale.

#8 Dereva_Njiro (Arusha)

Wakuu nimefika humu kwa kutafuta jambo langu. Naendesha watalii, nina miaka 33, miwani yangu ni −7.50 pande zote mbili, navaa tangu sekondari. Nataka kufanya upasuaji wa leza niachane na miwani, vumbi la porini linanichosha. Je, unaponya kabisa?

Na la pili, juzi nikitoka Karatu jioni nimeanza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho la kushoto, kama mtu anapiga picha. Na kuna vidoti vyeusi vingi vinaelea kama mbu, havikuwepo. Haviumi. Nadhani ni uchovu wa barabara.

#9 Opto_Moshi

Mkuu, la leza tuliweke pembeni. Hivyo vimulimuli na vidoti vipya, kwa mtu wa −7.50, vinahitaji daktari bingwa wa macho LEO. Siyo kesho, siyo ukirudi safari. Jicho refu lina retina iliyovutwa ikawa nyembamba, na inaweza kuchanika. Mchaniko haumi. Ukipitisha maji chini yake retina inabanduka ukutani, hapo unaona kama pazia jeusi linashuka, na kuirudisha ni upasuaji mkubwa. Usijiendeshe, watakutia matone ya kupanua mboni. Mtafute mtu akupeleke.

#10 Ticha_Ngarenaro

Dereva kaka, tafadhali ukifika utuandikie hata neno moja.

Wakati tunasubiri niseme la kwetu shuleni. Tangu mwaka jana nilikuwa nawanyima mapumziko waliochelewa kumaliza kazi, wanabaki madawatini hadi wamalize. Nimeacha baada ya kusoma bandiko namba 7. Wanaobaki ni wale wale wasioona ubao, kisha nawanyima na jua. Na wazazi naomba tulitazame suala la tyusheni. Mtoto anatoka shule saa tisa, anaingia tyusheni hadi magharibi, nyumbani anawekewa simu atulie. Siku nzima macho yake hayajatazama kitu kilicho mbali zaidi ya ukuta. Watoto wa wazazi wenye uwezo ndio wanaoathirika zaidi, kwa sababu ndio tunaowafungia ndani kwa upendo.

#11 MamaPasua

Ticha umenigusa. Mdogo mtu yuko darasa la kwanza, macho yake yamepimwa yako sawa, na mimi nilikuwa namkalisha dukani miguuni pangu na vitabu nikijiona mama mzuri. Sasa akitoka shule anakula, anatoka. Kazi za nyumbani anafanyia barazani. Nimemwekea kiti chini ya mwarobaini.

Kuhusu kuchekwa, Mama Mapacha, binti yangu alichekwa siku kama nne hivi. Fremu alichagua mwenyewe, rangi ya zambarau, mimi nilitaka nyeusi. Nadhani hilo lilisaidia, alikuwa anaipenda. Baada ya jaribio la hesabu la kwanza hakuna aliyemcheka tena.

#12 Dereva_Njiro

Ndugu zangu. Samahani kwa kimya cha siku tano. Nilichukuliwa na mdogo wangu siku ile ile. Wamekuta tundu dogo pembeni mwa retina ya jicho la kushoto, limeanza kuvuta, ila retina haijabanduka. Wamelizungushia kwa leza, kama kushona ukingo ili usichanike zaidi, nimekaa kitini macho wazi na nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Daktari ameniambia ningengoja safari iishe, ilikuwa siku sita, mazungumzo yangekuwa mengine. Opto, Mungu akubariki. Sina neno lingine.

#13 Opto_Moshi

Nimefurahi sana. Kila mwaka upimwe retina kwa kupanuliwa mboni, macho yote mawili, hata usiposikia kitu. Na vimulimuli vikirudi, rudi.

Sasa la upasuaji wa leza. Unachonga konea ili ipunguze nguvu, picha irudi nyuma hadi retina. Kwa mtu aliyepita miaka 18 na ambaye namba yake imetulia mwaka au zaidi, unaweza kumwondolea miwani. Konea ikiwa nyembamba au imechongoka, haufai, ndiyo maana kipimo cha umbo la konea kinatangulia. Lakini jicho linabaki na urefu ule ule. Retina yako itakuwa nyembamba vile vile bila miwani kama ilivyokuwa na miwani. Watu wengi wa kuanzia −6.00 wanafanyiwa, wanaacha miwani, wanaacha na kupima, na hapo ndipo hasara inapowakuta. Presha ya macho na kuchakaa kwa kitovu cha retina navyo vinawafuata wenye jicho refu zaidi kuliko wengine.

Kwa watoto kuna njia za kupunguza kasi. Matone ya atropini hafifu, 0.01 hadi 0.05 asilimia, moja kila usiku kwa miaka kadhaa, chini ya daktari. Hayarudishi namba nyuma, yanaipunguzia mwendo. Atropini ya kawaida ya hospitali ni asilimia 1, nguvu mara ishirini hadi mia, msije mkaitafuta dukani. Zipo pia lenzi za miwani na za kuvaa juu ya jicho (kontakti lenzi) zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Uliza unapopimiwa kama zinapatikana. Nasisitiza lengo: tunapigania mtoto wa −2.50 asifike −7.50, ili akiwa na miaka 33 asiandike bandiko kama la Dereva.

#14 Mama_Mapacha

Wapendwa nimerudi. Ni mzio kweli, amepewa matone na tumeambiwa kitambaa chenye maji ya baridi akitaka kujisugua. Konea wameipima, jicho moja lina dalili ya kuanza kuchongoka kidogo. Tutarudi baada ya miezi mitatu kulinganisha. Wamesema ikiendelea kuna matibabu ya kuikaza konea kwa vitamini B2 na mionzi, na kwamba tumewahi. Pacha mwenzake ambaye sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo, jicho la kushoto halioni mbali wala karibu vizuri, la kulia zima. Ticha alisema kweli. Limekuwa kama jicho lililolala, amepewa miwani na anafunikwa lile zima saa mbili kila siku ili lingine lifanye kazi. Wamesema angekuja na miaka minne au mitano ingekuwa rahisi zaidi, ila bado inafaa kujaribu. Shubiri nimeurudisha kwa shangazi.

#15 MzeeKibosho

Wanangu, nimekwenda. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo limekomaa zaidi. Sukari iko sawa. Nimepangiwa la kulia Jumanne ya wiki ijayo. Daktari kijana ameniuliza nataka baada ya kufunguliwa bandeji niwe naona wapi vizuri, karibu au mbali, kwa sababu wanapima lenzi ya kuweka. Nimemwambia kusoma nitavaa miwani, nimeizoea. Mimi nipe mbali.

#16 MamaPasua

Jumanne nafunga duka, mzee. Niandikie ni saa ngapi, tutakuja mimi na binti.